USHIRIKA HAULAZIMISHWI
Somo la ushirika wa nyumbani. Soma: Matendo 4:32-37, 5:1-4

Wengi wetu tumeona picha za mahujaji wakibatizwa Yardenit, pale Mto Yordani unapotoka Ziwa la Galilaya. Mahali hapo panaendeshwa na kijiji cha ushirika, Kibbutz Kinneret. Jirani yake ni Degania, kibbutz ya kwanza, iliyoanzishwa mwaka 1910 na vijana 12, wanaume 10 na wanawake 2. Walilima pamoja na kula pamoja, na mali ilikuwa ya wote.

Hata hapa kwetu Afrika Mashariki jambo kama hilo limewahi kutokea. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, huko Songea kusini mwa Tanzania, vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianzisha kijiji cha Litowa. Walijitolea. Walilima shamba moja, wakagawana mavuno, wakajenga shule, na mambo yakaamuliwa kwenye mkutano wa wanakijiji. Wengine wakaiga, vijiji vikaungana chini ya chama cha maendeleo cha Ruvuma, RDA, hadi wakamiliki kinu cha kusaga nafaka. Mwalimu Nyerere mwenyewe alivutiwa.

Lakini Septemba 1969 TANU ikaivunja RDA. Kuanzia 1973 ikawa ni amri: kila mtu wa mashambani aishi kijijini. Mamilioni wakahamishwa, wengine nyumba zao zikibomolewa. Vijiji vilijaa watu, lakini kazi ya pamoja haikushika. Unaweza kumhamisha mtu kwa lori, moyo wake ukabaki nyuma.

Sasa rudi Matendo 5. Petro anamkumbusha Anania kwamba shamba lilikuwa lake, na hata baada ya kuliuza, pesa zilikuwa chini ya uwezo wake. Hakuna aliyemlazimisha. Kosa lake lilikuwa uongo, si kubakisha. Barnaba naye aliuza akaleta bila kusukumwa na mtu.

Wapendwa, hapa Tassia tunaishi ghorofa juu ya ghorofa, na kila mwezi kodi ya nyumba inabisha mlango. Huenda katika ushirika wako kuna dada anayepika mara moja kwa siku na hasemi. Mfuko wetu wa kusaidiana uko kwa ajili yake. Lakini tukiufanya ushuru, tukasoma mbele ya watu majina ya wasiotoa, wa kwanza kukimbia ushirika atakuwa yeye. Hata kwenye biashara ni hivyo: watu hulinda kile walichokiamua wenyewe, na wanatoa tena wakiona hesabu iko wazi.

Kwa hivyo wiki hii, fanyeni mambo matatu:
1. Msomeane hesabu ya mfuko, shilingi kwa shilingi.
2. Muamue pamoja nani asaidiwe, bila kumwaibisha.
3. Kila mtu atoe alichokusudia moyoni, hata kama ni kidogo. Asiye nacho, aje tu tuombe pamoja.