KUCHAGUA USUKANI MPYA WA PIKIPIKI YA SAFARI

Huenda baadhi ya wasomaji wakastaajabu kuona ya kuwa mwanafunzi wa Kidato cha Nne, ambaye mtihani wa mwisho unamkodolea macho, ameketi kuandika habari za usukani wa pikipiki. Nawaombeni mnivumilie, kwani jambo lenyewe lilitufikia nyumbani kwa njia ya ajali, na katika kulitengeneza nilijifunza Fizikia zaidi ya nilivyotazamia.

Baba yangu ni bwana shamba katika milima ya Makete. Pikipiki yake ni Honda ya zamani, ya sentimita 125 za ujazo, na kazi yake yote huitegemea hiyo. Mwezi wa Februari, wakati wa mvua, aliteleza kwenye tope, pikipiki ikalala ubavu na usukani ukapinda upande wa kushoto. Fundi mmoja akachomeka bomba refu katika ncha iliyopinda, akavuta hata ikanyooka. Ilikuwa kazi ya dakika kumi, malipo yake madogo, nasi sote tukamsifu. Mwezi wa Juni, nikiwa likizoni, baba alikuwa akishuka mlima na gunia la viazi vya mbegu nyuma yake. Akapita penye shimo, na usukani ukakatika mkononi mwake, karibu na kibano cha katikati. Akabaki ameshika kipande chenye klachi, na pikipiki ikaenda ilikotaka yenyewe. Twamshukuru Mungu ya kuwa aliangukia mfereji wenye majani mengi. Aliteguka kifundo cha mkono, na viazi vikatawanyika bondeni.

Jioni ile nilivitazama vile vipande viwili kwa tochi. Mahali usukani ulipokatika palikuwa na rangi mbili. Nusu ilikuwa na kutu ya kahawia, na nusu iling'aa kama shilingi mpya. Nikamwita baba aone. Nusu yenye kutu ilikuwa imepasuka zamani, maji yakaingia ndani ya ufa, na kwa siku nyingi baba alikuwa akiendesha juu ya ile nusu iliyobaki. Ukitaka kuliona jambo hili, chukua kipande cha waya wa uzio, ukunje na kuunyoosha mahali pamoja. Mara ya kwanza waonekana mzima. Baada ya mara chache wakatika bila taabu. Chuma kilichopinda na kunyooshwa hurudi katika umbo lake, lakini hakirudi katika nguvu zake. Basi usukani uliopinda haunyooshwi, hubadilishwa. Ukiwa wa alumini ndiyo zaidi, kwani alumini haina uvumilivu wa chuma cha pua katika kukunjwa mara kwa mara, na hata mkwaruzo mrefu waweza kuwa mwanzo wa ufa.

Sasa usukani gani uchaguliwe? Hapana budi kwanza tujue pikipiki ya safari ni nini. Ni ile iliyoundwa kwenda kwenye lami na pasipo lami, pamoja na mzigo, mwendo wa siku nzima. Sifa za pikipiki za namna hii zilivuma sana kwa mashindano ya kutoka Paris hadi Dakar. Ya kwanza yaliondoka Paris tarehe 26 Desemba 1978 na kwisha Januari 1979, na mshindi alikuwa Mfaransa Cyril Neveu juu ya Yamaha XT500. Mwaka 1980 kampuni ya BMW ya Ujerumani ikatoa R80 G/S, herufi hizo mbili za mwisho zikiwa badala ya maneno ya Kijerumani yenye maana ya nyika na barabara. Honda ya baba ni kitukuu tu katika ukoo huo, lakini sharti lake ni lile lile: mwendeshaji huketi akiwa kwenye lami, na husimama juu ya vikanyagio akifika penye mawe na makorongo, ili magoti yake yapokee mishtuko badala ya mgongo. Usukani mmoja wapasa kumfaa katika hali zote mbili, na hapo ndipo penye ugumu.

Tulikwenda Njombe mjini, mimi nikibeba vile vipande ndani ya mfuko. Dukani tulionyeshwa sukani mbili. Mmoja ulikuwa wa alumini, mnene katikati, wenye rangi ya dhahabu. Wa pili ulikuwa wa chuma cha pua, mweusi, hauna la kusema. Mimi nilikwisha kuuchagua ule wa dhahabu kabla hata ya kuuliza bei, na naungama ya kuwa sababu yangu ilikuwa moja tu: nilifikiri jinsi baba atakavyoonekana akiingia kijijini.

Baba akaniambia, “Pima kwanza, mwanangu.” Nikapima. Usukani wa kawaida una kipenyo cha milimita 22.2, yaani saba ya nane ya inchi, toka ncha hata ncha. Ndivyo ulivyokuwa ule uliokatika, na ndivyo ulivyokuwa ule mweusi. Ule wa dhahabu ulikuwa na milimita 22.2 mahali pa kushika kwa mikono, lakini katikati ulitanuka hata milimita 28.6. Kwa hiyo usingeingia katika vibano vya Honda yetu. Ingetubidi kununua na vibano vingine, na vyote pamoja bei ilikuwa karibu mara nne ya ule mweusi.

Nisiusingizie ule wa dhahabu. Unene wake una maana. Alumini ni nyepesi: sentimita moja ya ujazo ina uzito wa gramu 2.7 hivi, na ya chuma cha pua gramu 7.8. Lakini ugumu wa alumini katika kupinda ni kama theluthi moja ya ule wa chuma. Mafundi wa viwandani huutafuta ugumu huo kwa kuzidisha kipenyo, kwani mabomba mawili ya metali moja, yenye unene mmoja wa ukuta, hutofautiana ugumu karibu kwa kipenyo mara tatu kwa chenyewe. Gawanya 28.6 kwa 22.2, uzidishe jibu kwa lenyewe mara tatu: utapata zaidi ya 2. Yaani bomba pana ni gumu maradufu. Kwa mtu mwenye pikipiki nzito ya safari, aendaye mbali na kuiangusha mara nyingi, fedha zile hazipotei bure. Kwa bwana shamba mwenye Honda ya 125, chuma cheusi chatosha. Tena kikipinda utakiona kimepinda, na kingine utakipata kwa urahisi.

Baada ya metali ni kimo, na hili ndilo watu wengi hulikosea. Huchagua kimo kwa macho, pikipiki ikiwa imesimama dukani. Baba ni mrefu wa sentimita 182, na usukani wa zamani ulimlazimisha kuinama kila aliposimama juu ya vikanyagio, hata mgongo ukamuuma usiku. Sisi tulipima hivi, mkono wake ulipopona. Mimi nilishika pikipiki kwa mbele isianguke. Yeye akasimama juu ya vikanyagio, magoti yamekunjwa kidogo, kichwa juu, akafumba macho, akanyosha mikono mbele bila kujikaza. Kisha nikapima toka kiganja chake hata mahali usukani wa zamani ulipokuwa ukifika. Upungufu ulikuwa sentimita 4. Tukamrudia mwenye duka, naye akatupatia mweusi mwingine wenye kimo kilichozidi kwa sentimita 3. Ile moja iliyobaki baba alisema ataivumilia, kwani usukani ukizidi kimo, mtu aliyeketi huwa kama aliyening'inia kwenye tawi, na uzito wake hauegemei tena gurudumu la mbele. Barabarani jambo hilo ni baya penye kona.

Kuna na jinsi ncha zinavyorudi nyuma kumwelekea mwendeshaji. Zikirudi mno, viwiko hubana mbavuni. Zikiwa zimenyooka mno, kifundo cha mkono hukunjwa, na baada ya saa moja vidole hufa ganzi. Hapa sina kipimo cha kuwapa, kwani mikono ya watu si mamoja. Sisi tuliufunga usukani sehemu yake ipandayo ikiwa sambamba na shokapu za mbele, kisha baba akauzungusha kidogo kidogo hata viganja vyake vikatulia.

Sasa naja kwenye waya, na tafadhali nisomeni polepole. Ukiinua usukani, waya za klachi, breki na mafuta hazirefuki pamoja nao. Baada ya kufunga, zungusha usukani hata mwisho kushoto, kisha hata mwisho kulia, ukizitazama waya moja moja. Ikiwa kuna uliokazana kama uzi wa zeze, huo ni mfupi. Kisha washa injini, gia ikiwa huru, iache ingurume polepole, na uzungushe tena pande zote mbili. Injini ikipandisha sauti ilhali hujaugusa mkono wa mafuta, waya wa mafuta unavutwa na usukani wenyewe. Fikirini mtu anayepinda kona nyembamba kandokando ya bonde, na pikipiki yaongeza mwendo kwa hiari yake! Yetu ilipandisha sauti kila tulipopinda kushoto. Tulijaribu kuupitisha waya upande wa pili wa shingo ya fremu, haikufaa, ikatubidi kungoja siku tatu hata waya mrefu upatikane. Wenye breki za mafuta wautazame mpira wa breki kwa namna hiyo hiyo.

Katika kufunga vibano, vingi vina alama ndogo ya nukta. Kwa pikipiki yetu nukta hukaa mbele, na skrubu za mbele hukazwa kwanza hata kibano kigusane, kisha za nyuma, nafasi ndogo ikibaki nyuma. Kila mtu na asome kitabu cha pikipiki yake, kwani hazifanani, na akaze kwa kiasi kilichoandikwa humo. Mpira wa mkono wa kulia usisukumwe mno ndani wala usisugue ncha. Vuta mafuta, uachie: mkono wapaswa kurudi wenyewe kwa kishindo, usukani ukiwa katikati na ukiwa mwisho wa kila upande.

Limebaki jambo la upana. Sukani za pikipiki za safari zina upana wa karibu milimita 800, na wetu ulikuwa hivyo hasa. Ule wa zamani ulikuwa na milimita 700. Faida ya upana ni wenzo, kama tulivyosoma darasani. Tuseme gurudumu limekwama katika mkondo wa magari na linahitaji momenti ya nyutonimita 21 ili ligeuke. Kiganja kikiwa mita 0.30 toka katikati, wahitaji nyutoni 70. Kikiwa mita 0.35, nyutoni 60 zatosha. Lakini hakuna kitolewacho bure: kuuzungusha kwa nyuzi 40, kiganja cha kwanza huenda sentimita 21, na cha pili huenda zaidi ya 24. Mtu mwenye mikono mifupi atajikuta ameinama upande mmoja kila akikata kona kali.

Tena kuna miti, ng'ombe njiani, na milango. Nyumbani kwetu pikipiki hulala ndani ya ghala kwa ajili ya wezi, na mlango wa ghala una sentimita 78. Siku ya kwanza baba aliisukuma akaigeuza usukani huku na huku, akachubua vidole vya mikono yote miwili, na pikipiki ikakwama nusu ndani, nusu nje, mvua ikianza. Alisema mlango upanuliwe. Mama akauliza ni nyumba gani ulimwenguni ibomolewayo kwa ajili ya usukani. Basi kesho yake tukauvua mipira, tukapima kuwa sehemu iliyonyooka yatosha bado kwa mikono, breki na swichi, tukakata milimita 20 kila upande kwa msumeno wa chuma, tukasugua ncha kwa tupa. Tulikata kidogo makusudi, kwani kilichokatwa hakiungiki. Umebaki na milimita 760, nayo Honda yapita mlangoni, sentimita moja moja kila upande, ikiwa anayeisukuma hana haraka.