Somo la Likizo: Kozi, Tumbusi na Bundi

Soma kwanza: Ayubu 39:26-30 na Walawi 11:13-19.

Likizo ya Desemba ni wakati wa familia kukaa pamoja. Katika nchi nyingi za Ulaya, familia zikiwa likizoni hulipa kiingilio ili kutazama maonyesho ya ndege wawindaji. Mtunzaji husimama uwanjani amevaa glavu nene ya ngozi, na mkononi ana kipande cha nyama. Ndege huruka kutoka mtini, hupita juu ya vichwa vya watu, kisha hutua mkononi mwake. Kabla ya hapo amekwisha kupimwa uzito, kwa maana ndege aliyeshiba hana haja ya kurudi. Watoto waliokuwa wakiogopa zile kucha huondoka wakiuliza maswali.

Karibu na sisi, huko Naivasha, Kenya, shirika la Kenya Bird of Prey Trust lina kituo cha kutunza ndege wawindaji walioumia. Wako waliopigwa na umeme wa nyaya, na wako waliokula sumu. Watu wakifika huko huwaona kwa karibu.

Hapa kwetu hatuhitaji kulipa kiingilio. Ndege wenyewe wapo juu ya mashamba na vilima vyetu. Kinachokosekana ni kuwatazama. Mara nyingi ndege hawa huuawa kwa sababu ya hofu na kutojua, na dawa ya hofu hiyo ni kuwajua.

1. Biblia yasemaje?

Katika Walawi tunasoma majina ya tai, furukombe, mwewe, kozi, kipanga na bundi. Torati iliwakataza Waisraeli kuwala, haikuwaamuru kuwaua. Tena katika Ayubu, Mungu anamwuliza Ayubu kama ni kwa hekima yake mwewe huruka, na kama ni kwa amri yake tai hujenga kiota juu ya jabali. Anataja hata damu wanayoinywa makinda. Mungu haoni haya kwa ajili ya kiumbe huyu mwenye kucha. Ni kazi yake.

2. Kozi wa kumbikumbi

Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi hutoka ardhini. Katika majira hayo, Novemba na Desemba, kozi wadogo kutoka Siberia na kaskazini ya China hupita Afrika Mashariki wakielekea kusini. Wamekwisha kuvuka India na Bahari ya Hindi, nao hula wadudu warukao.

Njiani hupumzika Nagaland, jimbo la India lenye Wakristo wengi. Mwaka 2012 ilijulikana kwamba watu wa kijiji cha Pangti na majirani zao walikuwa wakiwanasa kwa nyavu kwa maelfu, na kuwauza kama kitoweo. Wazee wa vijiji, makanisa na watu wa uhifadhi walikaa pamoja, wakawafundisha watu na watoto. Mwaka 2013 mauaji yale yalikoma. Ndege anayepita juu ya mtama wetu amesalimika kwa sababu ya mafundisho ya watu ambao hatutawaona kamwe.

3. Tumbusi na mzoga

Wengi humdharau tumbusi kwa sababu ya kichwa chake kisicho na manyoya mengi na chakula chake. Lakini tumbo lake lina asidi kali inayoua vijidudu vingi vya maradhi. Kundi la tumbusi humaliza mzoga upesi, kabla haujaoza na kuwaita mbwa na nzi.

Basi, fisi akiua mbuzi, mfugaji aliyekasirika anaweza kutia dawa ya wadudu kwenye mzoga ili fisi arudipo afe. Mara nyingi wanaofika kwanza ni tumbusi. Mwaka 2019 huko Botswana, tumbusi 537 walikufa kwa sumu iliyotiwa katika mizoga ya tembo watatu. Tumbusi hutaga yai moja tu, kwa hiyo hasara ya siku moja huchukua miaka mingi kulipwa. Mwaka 2015 aina nne za tumbusi waishio Tanzania ziliwekwa katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Tuwaambie ndugu zetu wafugaji: imarisheni zizi, wala msitie sumu kwenye mzoga. Mbwa wako naye hula hapo, hata mtoto anaweza kuugusa.

4. Bundi juu ya paa

Bundi mweupe hupenda kukaa katika majengo, hata katika dari ya kanisa. Akilia usiku, watu husema kuna msiba au ametumwa na mchawi. Lakini fikirini: ni nani aliye macho usiku wa manane? Ni yule anayeuguza. Ndiye anayemsikia bundi, na mgonjwa akifa, bundi hupewa lawama. Usiku alipolia na mtu asife, hakuna aliyeuhesabu.

Bundi hana habari na mgonjwa wako. Amefuata panya wanaokula mtama na uwele wako ghalani. Sikio lake moja liko juu kidogo kuliko la pili, na hivyo hujua gizani panya yuko wapi. Manyoya ya mabawa yake ni laini, hata asisikike akiruka. Akiisha kumeza panya, hutapika kidonge cha mifupa na manyoya. Lakini ukiwategea panya sumu, bundi akila panya huyo aweza kufa pia.

Mkristo anayemwua bundi kwa hofu ya uchawi amekiri kwa fimbo yake jambo ambalo amelikana kwa kinywa chake.

Kazi ya familia

Jioni moja baada ya mvua, ketini nje na watoto mtazame angani. Andikeni ni ndege gani mmewaona na walikuwa wakifanya nini. Mkijua mti au jengo ambamo bundi hulala, tafuteni vidonge vyake chini, mvifungue kwa kijiti, mhesabu mafuvu ya panya. Kisha naweni mikono kwa sabuni.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini Mungu alimwuliza Ayubu habari za mwewe na tai, wala si habari za kondoo?
2. Katika mtaa wetu, mzoga hufanywaje? Ni nani atakayezungumza na wafugaji?
3. Bundi akikutwa katika dari ya kanisa letu, tutafanya nini, na watoto wetu watajifunza nini kwa kututazama?