Mtoto Mwenye Kifafa na Familia Yake

Katika vijiji vya Bahi, Chamwino na Mpwapwa mkoani Dodoma, kama ilivyo kwingi nchini Tanzania, mtoto anayeangukia mafigani wakati wa kifafa huweza kuachwa aungue, kwa sababu waliopo huogopa kwamba povu linalomtoka kinywani litawaambukiza. Hofu hiyo haina msingi wowote. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo ambapo umeme wa chembe za neva huvurugika ghafla na kuleta mitukutiko au kupotewa na fahamu kunakojirudia. Hakiambukizi kwa mate, kwa pumzi wala kwa kula chungu kimoja. Chanzo chaweza kuwa uzazi wa shida, jeraha la kichwa, malaria iliyopanda kichwani au mabuu ya tegu wa nguruwe, ingawa kwa wagonjwa wengi chanzo hakionekani.

Mtoto anapoanguka, asogezwe mbali na moto, alazwe ubavu, wala asibanwe au kutiwa kijiko mdomoni. Mitukutiko ikizidi dakika 5, apelekwe haraka kituo cha afya. Dawa kama fenobabitali huwatuliza watoto wengi, mradi zimezwe kila siku, hata msimu wa kilimo, kwa kuwa kuzikatisha ghafla huweza kurudisha kifafa kwa nguvu zaidi.

Hospitali ya Mirembe, iliyoanzishwa Dodoma mwaka 1927 na ambayo sasa ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, hutibu kifafa pia. Inasikitisha kwamba jina lake limegeuzwa tusi nchi nzima, kwani mzazi anayeogopa mwanawe kuitwa "wa Mirembe" huchelewa kutafuta tiba. Huo ndio unyanyapaa, yaani kumtenga mtu kwa sababu ya hali yake, na humfikia mama vilevile: akisemwa kwamba amerogwa au amelaaniwa, hujitenga na wenzake kisimani na kwenye vikundi vya kuweka na kukopa (vikoba), akakosa usingizi na hamu ya chakula, dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyokwisha, ambayo nayo hutibika.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya afya yake. Shuleni, inatosha mwalimu na wanafunzi wafundishwe kumlaza ubavu, na asiachwe kwenda bwawani peke yake. Jirani anayejua mtoto aliyefungiwa ndani apige bila malipo namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto.