SAFARI ZA NDEGE NA AMANA YA SHAHIDI



Kila mwaka ifikapo Machi, mvua zikiwa zingali zikinyesha katika Nyanda za Juu Kusini, wakaaji wa Iringa na Mbeya huona jambo ambalo wengi hulipita bila ya kulitafakari. Nyaya za simu na za umeme hujaa mbayuwayu, wamekaa safu safu kama shanga katika uzi. Miongoni mwao wamo wenye koo jekundu, tumbo jeupe na mkia uliogawanyika. Hao hawajengi viota hapa kwetu. Walikuja mvua zilipokaribia, wakala wadudu wetu miezi yote hii, na sasa wamevaa manyoya mapya na kuweka mafuta mwilini. Kabla ya Mei kwisha nyaya huwa tupu.

Wamekwenda wapi? Na sisi tunajuaje walikokwenda? Swali la kwanza hujibiwa kwa maneno machache: wamekwenda Ulaya na Asia, ambako baridi imekwisha, majani yanachipua, siku ni ndefu, na wadudu ni tele kwa kulisha makinda. Lakini swali la pili ndilo hasa somo letu, kwa kuwa linamhusu kila mtu atafutaye ukweli wa jambo lo lote.

1. Dhana haiwi elimu

Hapo kale watu wenye akili nyingi walilijibu swali hili kwa kubahatisha. Aristotle, mwanafalsafa mashuhuri wa Kiyunani, aliandika kwamba baadhi ya mbayuwayu hujificha mashimoni wakati wa baridi, hali wamepukutika manyoya. Wengine walisema kuwa hulala chini ya matope ya maziwa. Katika karne ya 17 Mwingereza mmoja, Charles Morton, alifika hata kuandika kwamba ndege huruka mpaka mwezini. Tusiwacheke. Hawakuwa wajinga, walikosa shahidi tu, na mahali pa shahidi wakaweka dhana. Hata leo mambo mangapi twayasema kwa nguvu, na tukiulizwa ni nani aliyeyaona, hatuna la kujibu?

2. Mashahidi walipopatikana

Mwaka 1822, karibu na Klütz katika Ujerumani, aliuawa korongo mweupe aliyekuwa na mkuki uliompenya shingoni. Mkuki ule ulikuwa wa Kiafrika. Ndege yule alichomwa huku Afrika, hakufa, akaruka nao hadi kwao Ulaya. Mwili wake ungali umehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Basi jeraha la ndege mmoja likavunja dhana za karne nyingi.

Hata hivyo haifai kungojea ndege wachomwe mikuki. Mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwavika kwezi pete nyepesi miguuni, kila pete ikiwa na namba yake na anwani. Njia hiyo ikaenea. Mwaka 1911 mbayuwayu alivikwa pete katika Staffordshire, Uingereza. Na Desemba 1912 akapatikana Natal, Afrika Kusini. Safari hiyo ni ya kilomita zipatazo 10,000, naye mwenye kuifanya uzito wake ni kama gramu 20 tu!

Lakini zingatia, ewe msomaji, kwamba pete peke yake haikutosha. Kule Natal alikuwako mtu aliyeisoma, akaandika barua na kueleza alichokiona. Kama angaliitupa, au kama angaliongeza habari ya uongo ili apate sifa, elimu ile isingalipatikana.

Msomaji aliyepata kujifunza jinsi Hadithi zilivyokusanywa hataona jambo hili kuwa geni. Wanachuoni hawakuuliza tu, “Imesemwa nini?” Waliuliza pia: Ni nani aliyesema? Alisikia kutoka kwa nani? Je, alikuwapo? Je, ni mkweli na mwenye kuhifadhi vizuri? Mizani hiyo hiyo ndiyo inayopima habari ya ndege: nani kaona, wapi, lini, na kwa hakika gani.

3. Ndege huijuaje njia?

Wataalamu wamethibitisha kwamba ndege wasafirio hujielekeza kwa jua, kwa nyota na kwa nguvu ya sumaku ya dunia. Katika miaka ya 1950 Mholanzi A. C. Perdeck aliwachukua maelfu ya kwezi waliokuwa safarini, akawapeleka kwa eropleni kutoka Uholanzi hadi Uswisi, kisha akawaachilia. Wale wakubwa, waliokwisha kusafiri zamani, wakageuza njia na kuelekea makao yao ya kawaida. Lakini wadogo wakaendelea upande ule ule waliokuwa wakiuelekea mwanzo, kana kwamba hawakuhamishwa, na baadhi yao wakaishia Hispania.

Kwa hiyo mwelekeo ndege huzaliwa nao, wala hakuna mwalimu wa kibinadamu aliyemfundisha. Hiyo ni hekima ya Muumba. Ila lipo jambo moja ambalo ndege hawezi kulijua akiwa safarini: kama pale aendapo pangali jinsi alivyopaacha.

4. Mbayuwayu aliye mzaliwa wa kwetu

Hapa ndipo habari hii inapotufikia sisi. Pamoja na wale wageni wa Ulaya, yuko mbayuwayu mwingine ambaye Nyanda za Juu Kusini ndizo kwao. Mwili wake wote ni wa buluu iliyoiva yenye kung’aa, na dume ana mkia wenye nyuzi mbili ndefu sana. Huyu huzaa wakati wa mvua katika nyika za nyasi za milimani: Kitulo, Njombe na Mufindi. Hajengi juu ya nyumba wala mtini. Hushuka ndani ya shimo lililochimbwa na mhanga, au ardhi iliyotitia, akabandika kiota chake cha udongo ukutani humo. Aprili inapofika, yeye pia huelekea kaskazini, lakini haendi Ulaya. Huishia Uganda, magharibi ya Kenya na sehemu za Kongo zilizo jirani, akakaa huko hadi yapata Septemba.

Ndege huyu yumo hatarini. Katika dunia nzima wamebaki maelfu machache tu. Sababu yaeleweka. Shimo la mhanga na nyasi fupi ndiyo nyumba yake. Nyika ikilimwa viazi au pareto, ikipandwa chai, mipaina, milingoti au miwati, nyumba hiyo hutoweka. Simlaumu mkulima anayetafuta riziki ya watoto wake. Naye ana haki. Lakini haki ya mmoja haimaanishi kwamba mwingine hana haki kabisa. Mwaka 2005 uwanda wa Kitulo, uliopo katika mipaka ya Mbeya na Makete, ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 413, nao husifiwa hasa kwa maua yake. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Ni jambo jema. Ila viota vingine vimo nje ya hifadhi, katika mabonde ya vijiji, ambako hakuna askari wala mtaalamu. Huko aliyeko ni wewe.

5. Watu waliogeuka

Pengine mtu atasema, “Mwanakijiji anaweza nini?” Jibu na lipatikane India. Kuna kozi mdogo ambaye huzaa Siberia ya mashariki na kaskazini ya China. Kila mwaka hupitia India, huvuka bahari bila ya kutua, na kwenda kusini mwa Afrika. Makundi yake hupita pia katika anga ya Tanzania. Mwaka 2012 ilifahamika kwamba wanavijiji wa jimbo la Nagaland, karibu na bwawa la Doyang, walikuwa wakiwanasa kozi hao kwa nyavu, maelfu kwa maelfu, ili kuwauza kwa nyama. Mashahidi walipiga picha na kueleza waliyoyaona bila ya kuficha. Viongozi wa vijiji, makanisa na serikali wakazungumza, na watu wakasikia. Mwaka uliofuata, 2013, nyavu zikaondolewa, na wale waliokuwa wawindaji wakawa walinzi. Ushahidi wa kweli ukitolewa kwa upole huweza kugeuza mioyo.

6. Namna ya kutoa ushahidi

Katika nchi yetu habari za ndege zimekusanywa kwa miaka mingi na mradi wa Atlasi ya Ndege wa Tanzania, ulioongozwa na Neil na Liz Baker. Nchi imegawanywa katika miraba, na habari za kila mraba huwekwa kwa miezi yake. Shahidi wa kawaida, aliye na daftari hata bila ya darubini, anaweza kushika kanuni hizi:

(a) Andika siku hiyo hiyo. Kumbukumbu ya jana imekwisha changanyika.

(b) Andika tarehe, mahali na idadi. “Niliona wengi” si ushahidi. “Niliona kama 40, Machi 20, bondeni chini ya shule” ni ushahidi.

(c) Andika ulichokiona, si ulichokitazamia. Wako mbayuwayu weusi wapendao kando ya misitu, wanaoweza kudhaniwa kuwa ni yule wa buluu. Ukishuku, andika, “Sina hakika.” Neno hilo si aibu, ni sehemu ya ukweli.

(d) Usipomwona, andika pia. Kanuni hii watu wengi huisahau. Mgeni apitaye mara moja hawezi kujua ni nini kimetoweka. Ni yule tu aliyekuwa akipita kando ya shimo lile mwaka hadi mwaka awezaye kusema: “Mwaka juzi walikuwapo wawili, mwaka jana mmoja, na mwaka huu hapana.”

(e) Usikiguse kiota, wala usiwaongoze watoto wenye manati mpaka hapo. Shahidi asiwe msababishi wa msiba.

Ndugu msomaji, Septemba itakapokaribia, mbayuwayu wa buluu ataondoka Uganda na kuvuka Tanzania nzima, akirejea kwenye shimo lake katika vilima vya Mufindi au Njombe. Huenda akalikuta, huenda akakuta safu za mipaina. Katika hali zote mbili, anahitajika mtu wa kusema kweli ya yaliyotokea, asipunguze wala asizidishe. Anayejizoeza uaminifu katika habari ya ndege mdogo hatashindwa kuwa mwaminifu katika mambo makubwa ya dini yake na ya jirani yake.

Mwenyezi Mungu atujalie macho ya kuona na ndimi za kusema kweli. Amin.