Kadi ya Grafiki Katika Kompyuta Yenye Video ya Ubaoni: Kununua, Kufunga na Kudai Haki Yako

Mlaji hununua kadi ya grafiki kwa haja iliyo wazi. Yupo anayehariri video za harusi na kompyuta yake inakwama kila dakika. Yupo mwanafunzi wa usanifu majengo ambaye programu ya kuchora haifunguki. Yupo mzazi aliyeombwa na watoto kompyuta inayoweza kuchezesha michezo mipya. Fedha inatolewa, kadi inapelekwa nyumbani, inapachikwa, kompyuta inawashwa, na skrini inabaki nyeusi.

Kesho yake kadi inarudishwa dukani kwa madai kwamba ni mbovu. Muuzaji anaipachika katika kompyuta yake mbele ya mnunuzi, na picha inatokea. Mnunuzi anabaki hana hoja. Lakini hutokea pia kinyume chake: kadi ni mbovu kweli, au si ile iliyoandikwa kwenye boksi, na mnunuzi anashindwa kudai fedha yake kwa sababu hana namna ya kuonyesha kwamba kosa si lake.

Somo hili linakusudia kumwezesha mlaji kutenganisha mambo hayo mawili. Tutaonyesha kwamba ile video ya ubaoni, ambayo wengi huiona kuwa kitu duni cha kuachwa, ndiyo shahidi wa kwanza wa mlaji pale kadi mpya inapogoma.

1. Video ya ubaoni ni nini?

Kila kompyuta huhitaji sehemu ya kutengeneza picha inayoonekana kwenye skrini. Katika kompyuta nyingi za ofisini na za nyumbani, sehemu hiyo haikuwekwa peke yake. Zamani iliunganishwa kwenye ubao mama wenyewe; siku hizi, kwa kawaida, imo ndani ya prosesa. Skrini huunganishwa katika tundu lililo nyuma ya kompyuta, pamoja na matundu ya kibodi na kipanya. Hiyo ndiyo tunayoiita video ya ubaoni.

Video ya ubaoni haina kumbukumbu yake yenyewe. Huazima sehemu ya kumbukumbu kuu ya kompyuta. Kwa kuandika barua, kuandaa hesabu na kutazama filamu, inatosha kabisa. Kadi ya grafiki huja na chipu yake, kumbukumbu yake na mara nyingi feni yake, na kwa hiyo humudu kazi nzito. Kabla ya kutoa fedha, mlaji ajiulize kwanza kama kazi yake ni nzito kweli. Kompyuta inayochelewa kuwaka, au inayokwama unapofungua kurasa nyingi za intaneti, mara nyingi inahitaji kuongezewa kumbukumbu au kubadilishiwa diski, na kadi ya grafiki haitaiponya.

2. Mambo matatu ya kupima kabla ya kwenda dukani

Nafasi. Fungua ubavu wa kompyuta uone kama ubao mama una sloti ndefu iitwayo PCI Express x16. Pima kwa rula urefu uliopo kutoka bati la nyuma hadi kizuizi cha kwanza. Tazama pia upana wa kasha. Kompyuta nyingi zilizotoka maofisini na kuuzwa kama mitumba ni za umbo jembamba. Hazipokei kadi ya kawaida, ambayo bati lake lina urefu wa sentimita 12, bali kadi fupi yenye bati la takribani sentimita 8. Kadi ya kawaida haiwezi kulazimishwa kuingia humo.

Umeme. Soma kibandiko kilicho kwenye pawa saplai. Kompyuta jembamba ya ofisini inaweza kuwa na pawa saplai ya wati 240 tu, na umeme huo hugawanywa kwa prosesa, diski na sehemu nyingine zote. Sloti yenyewe inaweza kuipa kadi hadi wati 75. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo huwa na soketi yake ya umeme: soketi ya pini 6 huongeza hadi wati 75, na ya pini 8 hadi wati 150. Kwa kompyuta ya mfano wetu, chaguo salama ni kadi isiyo na soketi ya ziada. Kadi ya GeForce GT 1030, kwa mfano, hutumia takribani wati 30, na nyingi za GeForce GTX 1050 Ti hutosheka na wati 75 za sloti. Muuzaji akikushauri ununue kiunganishi cha kugeuza waya wa diski uwe waya wa kadi, mkatalie. Pawa saplai isiyo na waya wa kadi huwa haikutengenezwa kubeba mzigo huo, na waya uliozidiwa hupata moto.

Tundu. Tazama waya wa skrini yako. Skrini nyingi za zamani hutumia VGA, tundu la bluu lenye vishimo 15. Kadi nyingi za kisasa hazina tundu hilo. Zina HDMI, DisplayPort au DVI-D, ambazo hutoa mawimbi ya kidijiti pekee. Kichwa cha kugeuzia kisicho na saketi ndani hakitaleta picha. Unahitaji kigeuzi chenye saketi, na bei yake uijumlishe katika bajeti kabla ya kununua kadi.

Andika vipimo hivyo kwenye karatasi, uende nayo dukani. Iliyo bora zaidi, beba kompyuta yenyewe, umwombe muuzaji aipachike kadi na kuiwasha kabla hujalipa.

3. Kununua bila kudanganywa

Katika soko la kadi za grafiki upo udanganyifu unaofahamika duniani kote. Kadi ya zamani hubadilishiwa programu yake ya ndani ili ijitambulishe kwa kompyuta kama kadi mpya zaidi, kisha hutiwa katika boksi la kuvutia. Windows huonyesha jina ambalo kadi imejipa. Ukianza kazi nzito, kompyuta hukwama au kujizima, kwa maana chipu na kumbukumbu iliyoahidiwa hazimo.

Kinga ipo na haina gharama. Programu ya bure iitwayo GPU-Z, tangu toleo lake la 2.12 la mwaka 2018, hutambua kadi nyingi za NVIDIA za udanganyifu na kuandika neno FAKE mbele ya jina la kadi. Mwombe muuzaji aifungue mbele yako. Linganisha jina la chipu na kiasi cha kumbukumbu na yale yaliyoandikwa kwenye boksi na kwenye risiti.

Kadi iliyotumika si haramu kuuzwa. Mwezi Septemba 2022, mtandao wa sarafu ya kidijiti ya Ethereum uliacha mfumo wa uchimbaji uliotegemea kadi za grafiki, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana ziliingia katika soko la mitumba. Baadhi bado ni nzima. Kinachokatazwa ni kumuuzia mlaji kitu kilichotumika kwa madai kwamba ni kipya. Kagua vumbi lililoganda kwenye feni, mikwaruzo kwenye meno ya kadi, na alama za bisibisi kwenye skrubu.

Dai risiti ya EFD, jambo ambalo pia ni wajibu wako kisheria. Omba muuzaji aandike jina kamili la kadi, kiasi cha kumbukumbu, kama ni mpya au imetumika, na muda wa waranti. Risiti iliyoandikwa "vifaa vya kompyuta" haitakusaidia siku ya mgogoro.

4. Kufunga kadi hatua kwa hatua

Kama kompyuta yako bado ina waranti, muulize aliyekuuzia iwapo kuifungua mwenyewe kutaiondoa. Kisha fuata hatua hizi:

(a) Hifadhi kazi zako, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe.

(b) Laza kasha mezani, fungua ubavu. Gusa chuma kisichopakwa rangi cha kasha kabla ya kushika chochote, ili umeme tuli ulio mwilini usiunguze chipu.

(c) Ondoa bati dogo lililo nyuma ya kasha, mkabala na sloti ndefu. Kadi nene huhitaji mabati mawili yaondolewe.

(d) Shika kadi kwenye kingo zake, bila kugusa meno ya dhahabu. Ilinganishe na sloti, ikandamize kwa nguvu sawa pande zote mpaka kishikizo kilie. Funga skrubu.

(e) Kama kadi ina soketi ya umeme, chomeka waya wa pawa saplai ulioandikwa PCI-E. Usichomeke waya wa pini 8 ulioandikwa CPU. Vinafanana kwa macho, lakini mpangilio wa umeme ndani yake ni tofauti.

(f) Hamisha waya wa skrini kutoka tundu la ubaoni hadi tundu la kadi. Hatua hii ndogo ndiyo inayosahauliwa na wengi: kadi ikishapachikwa, ubao mama mara nyingi huzima video ya ubaoni wenyewe, na skrini iliyobaki kwenye tundu la zamani haitapata picha.

(g) Washa. Picha ya kwanza inaweza kuwa kubwa na yenye ukungu. Hilo ni la kawaida. Pakua draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji wa chipu, yaani NVIDIA, AMD au Intel, uisakinishe, kisha uwashe kompyuta upya.

5. Skrini ikibaki nyeusi

Usikimbilie dukani. Fuata mpangilio huu, na kila hatua uiandike, kwa kuwa maandishi hayo ndiyo ushahidi wako.

Kwanza, hakikisha waya wa skrini uko kwenye kadi na kwamba skrini yenyewe imewekwa kwenye ingizo sahihi. Pili, zima, chomoa umeme, itoe kadi na kuipachika upya. Kadi isiyokaa sawasawa ni sababu ya kawaida. Tatu, kagua waya wa umeme wa kadi.

Nne, mwite shahidi. Zima kompyuta, chomoa umeme, toa kadi kabisa, rudisha waya wa skrini kwenye tundu la ubaoni, kisha washa. Picha ikirudi, umethibitisha kwamba ubao mama, prosesa, kumbukumbu na skrini ni vizima. Isiporudi, huenda kitu kingine kimelegea wakati wa kazi, na kumlaumu muuzaji wa kadi ni mapema mno.

Tano, picha ikiwa imerudi, ingia katika mipangilio ya BIOS mara tu kompyuta inapowaka. Kitufe hutofautiana: kwa kawaida ni F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa kompyuta za mezani nyingi za Lenovo, na Del kwa mbao mama nyingi nyingine. Tafuta mpangilio unaochagua video ya kuanzia, uweke PCI Express au Auto, uhifadhi, kisha ujaribu kadi tena.

Sita, ijaribu kadi hiyo katika kompyuta nyingine yenye pawa saplai ya kutosha. Ikigoma na huko, kadi ni mbovu, na unaweza kulisema hilo mbele ya mtu yeyote. Ikifanya kazi huko, tatizo liko katika kulingana kwake na kompyuta yako. Rudi kwenye vile vipimo vitatu.

6. Haki yako na mipaka yake

Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha na maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Maneno "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" yaliyochapwa kwenye risiti hayampi muuzaji ruhusa ya kuuza kitu kimoja kwa jina la kingine. Ulimwonyesha muuzaji vipimo vyako, naye akakuhakikishia kwamba kadi itafaa? Kauli hiyo ina uzito, hasa ikiwa imeandikwa.

Tuseme ukweli pia upande wa pili. Mlaji aliyenunua kadi nzima, iliyoelezwa kwa usahihi, bila kupima kasha lake, hana dai la haki dhidi ya muuzaji. Anaweza kuomba abadilishiwe, na muuzaji mwema atakubali, lakini huo ni uungwana wake. Vivyo hivyo kwa aliyechomeka waya wa CPU na kuiunguza kadi.

Ukiwa na dai la kweli, acha kutumia kadi mara moja. Usiifungue wala kubandua vibandiko vyake. Piga picha za kadi, boksi na namba yake ya utambulisho. Peleka malalamiko kwa muuzaji kwa maandishi, ukieleza tarehe ya kununua, hatua ulizopitia na unachoomba: kutengenezewa, kubadilishiwa au kurejeshewa fedha. Asipokubali, wasilisha kwetu nakala ya barua hiyo pamoja na risiti na picha. Malalamiko yenye risiti isemayo "kadi mpya, GB 4" na picha ya GPU-Z inayoonyesha kitu tofauti hayahitaji maelezo marefu.

Kumbuka: pima nafasi, umeme na tundu kabla ya kununua, jaribu kabla ya kulipa, hamisha waya wa skrini baada ya kufunga, na video ya ubaoni usiidharau, maana siku kadi itakapogoma, ndiyo itakayokuambia uanzie wapi.