Leseni ya Fundi: Inachokuruhusu na Isichokuruhusu

Mahindi yanapoanza kuingia kwa wingi katika soko la nafaka la Kibaigwa, kazi za mafundi nazo huongezeka. Aliyeuza mazao huezeka nyumba yake upya, mwenye mashine ya kukoboa humwita mchomeleaji, na mwenye duka huongeza taa na soketi. Ndipo husikika swali hili: "Fundi huyu amebandika leseni ukutani, je, nimkabidhi nyumba yangu?"

Jibu linategemea ni leseni ipi aliyoibandika.

Leseni ya biashara hutolewa chini ya Sheria ya Leseni za Biashara Na. 25 ya mwaka 1972. Kwa karakana nyingi za useremala, uchomeleaji na matengenezo, mtoaji ni Halmashauri, na maombi hupitia mfumo wa TAUSI. Mwombaji huwa na kitambulisho, namba ya mlipakodi (TIN), uthibitisho wa hali yake ya kodi, na mkataba wa pango au hati ya eneo lake. TIN hutolewa na TRA bila malipo, hivyo anayekudai fedha "ya TIN" anakudai fedha yake mwenyewe. Leseni hudumu miezi 12 tangu siku ilipotolewa, na hukaa mahali ambapo mteja anaiona. Fundi anayefanya kazi kwa jina lake kamili halazimiki kusajili jina la biashara BRELA. Akijiita kwa jina jingine lolote, atalazimika.

Hata hivyo, leseni hii inathibitisha kwamba mhusika ameruhusiwa kufanya biashara. Haithibitishi kwamba anaijua kazi. Afisa Biashara hukagua nyaraka. Hakumwona fundi akipima mbao wala akiunga waya. Wananchi wengi hawalitambui jambo hili, na baadhi ya mafundi hawaoni haraka ya kulieleza.

Katika umeme tofauti hiyo ni ya hatari zaidi. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inataka anayefunga nyaya za umeme awe na leseni ya EWURA, nayo hutolewa kwa madaraja kulingana na elimu na uzoefu. Leseni ya Halmashauri haichukui nafasi yake hata kidogo. Kiungo kibovu cha waya hakionekani dari likishafungwa. Huonekana usiku moto unapozuka. Mwombe fundi leseni ya EWURA, soma jina na daraja lililoandikwa, kisha ndipo utoe malipo ya awali. Akisema leseni ni ya bosi wake, basi bosi huyo afike kwenye kazi.

Je, fundi aliyejifunza kwa mjomba wake chini ya mti, bila kukanyaga chuo, afanyeje? Wapo wengi, na baadhi yao ni hodari kuliko wenye vyeti. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi hupimwa kwa vitendo, hufundishwa pale alipopungukiwa, kisha hupewa cheti. Anayependa aulize katika chuo cha VETA Dodoma.

Kwa waashi, kibali cha ujenzi ni wajibu wa mwenye nyumba, lakini ujenzi ukisimamishwa anayekosa kibarua cha siku ile ni fundi. Ni vyema aombe kukiona kabla ya kuchimba msingi.

Limebaki suala la karakana zilizo kando ya barabara kuu ya Dodoma–Morogoro. Hifadhi ya barabara hiyo ni mita 30 kutoka katikati ya barabara, kila upande. Leseni haimpi mtu haki ya kukaa ndani ya hifadhi, na aliyejenga humo akiondolewa hawezi kuitumia kudai fidia. Fundi aliye ndani ya mita hizo atafute kwanza eneo jingine, ndipo alipie leseni.