JE, GHARIKA YA NABII NUHU A.S. ILIIFUNIKA DUNIA NZIMA?

Mpenzi msomaji, huenda umefundishwa kwamba gharika ya Nabii Nuhu a.s. iliifunika dunia yote, na kwamba visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe, ni ya wale walioangamia ndani yake. Kisha shuleni ukafundishwa vingine. Basi moyo unajiuliza: nikiyakubali ya shuleni, nitakuwa nimeikana dini?

Tuanze na madai yenyewe. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 7, kinasimulia kwamba maji yaliipita milima mirefu yote kwa dhiraa 15, na kwa hesabu ya kitabu hicho habari yote ilimalizika kwa muda upatao mwaka mmoja. Mwaka 1961 Wamarekani wawili, John Whitcomb na Henry Morris, walitoa kitabu wakitetea kwamba gharika hiyo ndiyo iliyoyatandaza matabaka mengi ya miamba pamoja na visukuku vyake. Wengi wanaoishika rai hii leo wanafuata njia yao.

Sasa tuiulize ardhi yenyewe. Kilima cha Tendaguru kiko kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, Tanzania. Huko, kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, Wajerumani pamoja na mamia ya vibarua wenyeji walichimba mifupa ya dinosaria, na zaidi ya tani 200 zikapelekwa Berlin. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa katika jumba la makumbusho la mji huo, na kimo chake kinapita mita 13. Wataalamu wanaikadiria miamba hiyo kuwa na umri wa miaka milioni 150 hivi.

Yatazame matabaka yake. Chini mna mifupa ya wanyama wa nchi kavu, juu yake mna tabaka lenye makombe ya baharini, kisha mifupa tena, kisha makombe, kisha mifupa mara ya tatu. Bahari ilikuja na kurudi, na kila iliporudi nchi ilikaliwa upya. Wala katika matabaka hayo haukuonekana mfupa wa mtu, wa ng'ombe wala wa tembo. Ndugu msomaji, umepata kuona mafuriko ya mto? Maji yaliyochafuka huchanganya kila kitu, hayapangi. Kama viumbe vyote vilikufa katika mwaka mmoja, mbona mifupa yao haikuchanganyika?

Hujibiwa kwamba wazito walizama kwanza, na wepesi wa mbio walikimbilia vilimani. Lakini tembo ni mzito, na mifupa yake haipatikani ila katika matabaka ya juu. Na nyasi je? Nazo hazimo katika miamba ya zama za Tendaguru, bali huonekana katika miamba ya baadaye. Je, nyasi nazo zilikimbia?

Tena iko Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, ambako mwaka 1978 kundi la Mary Leakey lilifukua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili, zenye umri wa zaidi ya miaka milioni 3.6. Nyayo hizo zimo katika majivu ya volkano, na majivu hayo yamehifadhi hata alama za matone ya mvua. Tone la mvua haliachi alama chini ya kilindi cha maji. Na chini ya majivu hayo yamo matabaka mengine yenye visukuku.

Basi Kurani Tukufu inasemaje? Haisemi popote kwamba maji yaliifunika dunia yote. Inafundisha kwamba Nuhu a.s. alitumwa kwa kaumu yake (71:2). Kwamba waliozamishwa ni wale waliozikadhibisha Ishara (7:65). Na kwamba walifanywa kuwa Ishara kwa watu (25:38). Yatupasa kufikiri: ishara huoneshwa walio hai. Zaidi ya hayo, Mwenyezi Mungu hamwadhibu mtu kabla ya kumpeleka Mtume (17:16). Je, watu wa nchi za mbali, wasiopata kulisikia hata jina la Nuhu, wangezamishwa kwa kosa gani? Naye Mtume Mtukufu s.a.w. amefundisha kwamba kila Nabii wa kabla yake alitumwa kwa kaumu yake tu, na yeye ametumwa kwa watu wote.

Kwa hiyo, gharika ilikuwa ya kweli, na adhabu ilikuwa ya kweli, lakini iliwafikia wale waliofikishiwa ujumbe wakaukataa. Anayewalazimisha watu kuamini kuwa mawe yote ni ushahidi wa gharika hiyo anawatia vijana katika shida isiyo ya lazima: siku watakapoyasoma mawe, watamkana Nuhu a.s. pamoja na Mola wake.

Ewe mtafuta haki, usiogope. Kurani ni neno la Mungu, na ardhi ni kazi ya Mungu; Msemaji na Mtendaji ni Mmoja, wala hajipingi. Soma vyote viwili. Kisha ujiulize swali ambalo gharika ililetwa kwa ajili yake: ujumbe umenifikia, je, mimi nimeujibu vipi?

Mwenyezi Mungu atujalie kuitambua haki na kuifuata. Amin.